Pidgin na Urahisishaji wa Msimbo wa Mipangilio ya Akaunti

Wanaisimu huita pijini lugha inayozuka pale watu wasio na lugha moja wanapolazimika kuwasiliana. Jina hilo ndilo lililopewa, mwaka wa 2007, programu ya ujumbe wa papo kwa papo ambayo Mark Spencer aliianzisha nchini Marekani mwaka wa 1998 kwa jina Gaim. Pidgin huunganisha itifaki kadhaa, zikiwemo XMPP na IRC, katika dirisha moja. Ugumu ni kwamba kila itifaki ina mipangilio yake ya akaunti: XMPP kwa kawaida hupitia poti 5222, ilhali IRC hupitia 6667. Lau kila itifaki ingeundiwa fomu yake, msimbo ungerudiwarudiwa, na kosa likisahihishwa huku lingesalia kule.

Katika maktaba ya libpurple, iliyo msingi wa Pidgin, itifaki haichori fomu. Hutangaza tu orodha ya vipengee: aina (ndiyo au la, nambari, maandishi, ama uteuzi), maelezo ya kuonyeshwa mtumizi, jina la ndani la kuhifadhia, na thamani ya kuanzia. Kiolesura husoma orodha hiyo kikachora fomu chenyewe. Ni kama mnyambuliko wa vitenzi: ajuaye mzizi na kanuni hana haja ya kukariri pigia, pikia na somea moja moja. Finch, inayotumia maandishi matupu kwenye skrini, husoma orodha iyo hiyo.

Kutenganisha maelezo na jina la ndani ndiko kuliko na uzito zaidi, hasa kwa wafasiri. Maelezo yanaweza kufasiriwa na kufasiriwa upya pasi na akaunti ya yeyote kudhurika. Jina la ndani halina uhuru huo, kwani ndilo linaloandikwa katika faili ya accounts.xml. Mathalani, XMPP ilikuwa na vipengee viwili vya ndiyo au la kuhusu usimbaji fiche, "require_tls" na "old_ssl", ambavyo vingeweza kukinzana. Viliunganishwa vikawa uteuzi mmoja, "connection_security". Fomu ikawa nyepesi, lakini ilibidi msimbo mwingine uongezwe wa kusoma majina ya zamani na kuyahamishia kwenye jipya. Bila nyongeza hiyo, programu ingelitafuta jina jipya, ilikose, kisha irejelee thamani ya kuanzia kimyakimya. Na uamuzi wa mtumizi kuhusu usiri wa mazungumzo yake ungefutika bila yeye kujua.