Maji Hayajui Cheo: Jioni Moja Juu ya Mto Naili, Jinja

Askari hufundishwa namna ya kuvuka mto. Ni mara chache hufundishwa namna ya kuuheshimu. Mimi nilihitimu mafunzo ya ukadeti nikiamini kwamba mambo hayo mawili ni mamoja. Jioni moja katika jiji la Jinja, juu ya maji yaliyotulia kama mafuta ndani ya chupa, nilifundishwa kwamba sivyo, na walionifundisha hawakuwa na nyota hata moja begani.

Tulikuwa wanane, wa jeshi na wa polisi, tuliomaliza semina ya siku tatu. Badala ya kuifunga semina kwa hotuba nyingine, wakubwa wetu waliona vema tuonje mojawapo ya starehe ambazo wageni huzifuata Jinja kutoka pembe zote za dunia: safari ya jioni ya kupiga makafi mtoni, chini ya mwongozaji anayeujua mto, pamoja na chakula cha usiku kando ya maji. Chombo chenyewe huitwa kayaki. Ni mtumbwi mwembamba wa plastiki ngumu, wa mtu mmoja au wawili, usio na injini wala tanga, unaosukumwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili.

Mwenzangu katika mtumbwi alikuwa konstebo kijana, mzaliwa wa Namakwekwe katika jiji la Mbale. Alikuwa mtu wa maneno machache. Tulipofika ukingoni alisimama mbali na maji, kama mbuzi anayevutwa kwenda joshoni. Nikamwuliza, "Vipi kijana, mbona huna raha?" Akajibu, "Afande, mimi naujua mto." Nilidhani anajivuna. Baadaye nilitambua kwamba hilo lilikuwa neno zito kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

MTO ULIOLALA JUU YA MAWE

Yafaa kwanza msomaji aelewe ni maji ya namna gani tuliyoyaingia. Mto huu, ambao Wasoga huuita Kiyira, hutoka katika Ziwa Victoria hapo Jinja, kwenye kimo cha mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanza safari ya zaidi ya kilomita 6,000 kwenda Bahari ya Mediterania. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo tarehe 28 Julai, 1862, akayapa maporomoko ya mahali hapo jina la Ripon. Wenyeji walikuwa wakiyajua mawe yake tangu zamani. Jina lenyewe la Jinja latokana na neno lao la jiwe.

Anayeyatafuta maporomoko ya Ripon leo hayaoni. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, na maji yakapanda yakayafunika. Kilomita 8 hivi chini ya bwawa hilo yalikuwapo maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga waliyahesabu kuwa makao ya mzimu wao Budhagali. Hayo nayo yalizama ulipojengwa mtambo wa umeme wa Bujagali wenye nguvu ya megawati 250, uliozinduliwa mwaka 2012. Chini zaidi ukafuata mtambo wa Isimba, wa megawati 183, mwaka 2019. Katikati ya mabwawa hayo mawili bado yapo maji makali ya Itanda na Kalagala, ambako hakuna mtu mwenye akili timamu aingiaye bila ya ujuzi.

Sisi tulipiga makafi juu ya maji ya bwawa la Bujagali. Yaani, yale tuliyoyaona yametulia yalikuwa yamelala juu ya mawe yaliyokuwa yakinguruma miaka michache tu iliyopita. Uso wa mto ulikuwa mpole, lakini chini yake maji yalikuwa bado yakienda kazini.

AMRI ZA DADA MMOJA

Mwongozaji wetu alikuwa msichana wa Kisoga aliyekulia kando ya mto, mwenye umri wa kuwa dada yangu mdogo. Alitupanga mstari mmoja bila ya kutazama vyeo, akatugawia majaketi ya kuokoa maisha na firimbi, kisha akatupa amri zake.

Amri ya kwanza: jaketi lifungwe vifungo vyote vitatu, na mwenzako alivute mabegani. Likipanda mpaka masikioni, basi hukulivaa, umelibeba tu. Ya pili: firimbi moja maana yake nitazameni, firimbi tatu maana yake nahitaji msaada. Ya tatu: mtumbwi ukipinduka usiuache, kwa sababu mtumbwi huelea hata ukiwa kichwa chini, tena huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Ya nne: ukichukuliwa na maji yaendayo kasi usijaribu kusimama. Lala chali, miguu ikitangulia upande maji yanakokwenda, kwani mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi na hutainuka.

Kisha aliuliza nani hajui kuogelea. Konstebo alinyosha mkono peke yake. Niliyatazama macho ya wengine, nikajua kwamba mikono mitatu au minne zaidi ilipaswa kunyoshwa. Mimi pia sikunyosha wangu, ingawa kuogelea kwangu ni kule kwa kuvuka kidimbwi cha chuo huku wenzangu wakinishangilia.

Tuliondoka saa kumi na moja jioni. Siwezi kuficha kwamba ilikuwa raha. Kafi likiingia upande huu na kutoka upande ule, mtumbwi huteleza bila ya kelele, na mtu husikia mambo ambayo mwenye injini hayasikii. Mnandi walikuwa wamekaa juu ya matawi makavu wakianika mabawa yao. Mdiria alining'inia hewani kisha akajitupa majini kama jiwe. Na furukombe akalia kutoka ng'ambo. Saa kumi na mbili na nusu ilipopita, jua likaanza kuzama. Jua la ikweta halina subira: mtu hulitazama likigusa miti, na kabla hajamaliza kusifu, giza limekwisha ingia.

CHAKULA NA HADITHI YA NABUYONGA

Tuliteremka ukingoni penye taa za kandili. Kulikuwa na ngege wa kuchoma, matoke, mchuzi wa karanga na chapati. Konstebo aliuliza kama hakuna malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopendwa sana huko kwao Mbale, na watu wote wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomfungua kinywa.

Alitukumbusha usiku wa tarehe 30 Julai, 2022. Mvua kubwa ilinyesha, na mto Nabuyonga, upitao katikati ya Mbale, ukavunja kingo zake. Huo ni mto ambao wakati wa kiangazi watoto huuvuka bila ya kulowa magoti. Usiku ule na siku iliyofuata, maji yalichukua nyumba, maduka na magari. Watu zaidi ya 20 walifariki, miongoni mwao abiria waliokuwa ndani ya gari lililosombwa. Yeye wakati huo hakuwa bado polisi. Alikuwa kijana wa mtaani tu, mmoja wa walioamka alfajiri kwenda kuwatafuta watu kando ya mto.

"Afande," aliniambia, "tuliowaokota hawakuwa watu dhaifu. Walikuwamo wanaume wa nguvu kunishinda. Waliuona mto wanaoujua kila siku, wakadhani ni ule ule."

Maneno hayo yana msingi wa elimu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye kina cha sentimita 60 yaweza kuyainua na kuyachukua magari mengi. Nguvu ya mkono haimo katika hesabu hiyo.

Jambo jingine likanijia akilini wakati akisema. Maji ya Mbale hushuka upande wa magharibi, yakapita katika mabwawa ya matete mpaka Ziwa Kyoga. Maji ya Jinja nayo huingia Kyoga. Kwa hiyo mto aliouogopa kijana huyu na mto tuliokuwa tukila kando yake ni ndugu, na mwisho hukutana.

VIFUNGO VIWILI

Sasa nije kwenye kosa langu, ambalo simsingizii mtu mwingine yeyote. Wakati wa kula nilifungua jaketi ili nipumue vizuri. Tulipojiandaa kurudi, mwongozaji alipita na taa akimkagua kila mtu. Aliponifikia nilimwambia, kwa sauti ile tunayoitumia kambini, "Niko sawa, dada." Akanitazama kidogo, akajibu kwa adabu, "Afande, mto haujui kwamba wewe ni kapteni." Watu walicheka. Nikafunga kifungo kimoja ili kumridhisha, na viwili nikaviacha.

Tulirudi kwa mstari, kila mtumbwi una taa ndogo nyuma, karibu karibu na ukingo. Upepo uliinua kofia yangu ikaanguka majini. Nikajinyosha kuidaka. Mtumbwi ukainama, na kabla sijatamka neno, sote wawili tulikuwa ndani ya maji.

Sijapata kuona giza kama lile. Jaketi lilipanda mpaka masikioni, mikono yangu ikakwama, kidevu kikazama, nikanywa maji mara mbili. Yale niliyoambiwa saa chache zilizopita yalinitoka yote. Nilikuwa natafuta chini pa kusimama.

Kisha nilisikia firimbi: moja, mbili, tatu. Konstebo, ambaye vifungo vyake vyote vitatu vilikuwa vimekazwa, alikuwa akielea na kichwa kikiwa juu kabisa. Mkono mmoja ulishika mtumbwi. Wa pili ulinikamata ukanda wa jaketi begani ukanivuta. Akasema kwa sauti ya chini, bila ya haraka, "Afande, shika mtumbwi. Usisimame. Shika mtumbwi." Katika utumishi wangu wote sijapata kutii amri upesi kama nilivyoitii ile.

Mwongozaji alitufikia mara moja. Walishika mtumbwi yeye na konstebo, wakaugeuza, nikapandishwa kama gunia. Kofia haikuonekana tena.

TOFAUTI YA JIONI MBILI

Yaweza kusemwa kwamba hilo ni dogo. Basi tukumbuke jioni nyingine. Tarehe 24 Novemba, 2018, chombo kiitwacho MV Templar kilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mutima, wilayani Mukono. Hiyo nayo ilikuwa safari ya starehe, yenye muziki, vinywaji na watu waliojipamba. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wakuu walieleza kwamba chombo kilichukua watu kupita kiasi na hakikuwa na leseni. Askari wa majini wa polisi na wanajeshi walikesha wakiwatafuta wahanga.

Tofauti ya jioni ile na ya kwetu haikuwa ukubwa wa maji, maana mtu aweza kufa maji ndani ya pipa. Tofauti ilikuwa mambo madogo: idadi ya watu, kifungo, firimbi, na mtu mmoja mwenye ujuzi ambaye neno lake linatiiwa na wote. Nami nilikaribia kuifuta tofauti hiyo kwa sababu ya kuona haya kusahihishwa na msichana.

Sisi askari ndio tunaoitwa mito inapofurika na vyombo vinapozama. Mwananchi akituona ukingoni hutumaini kwamba tunajua. Kwa hiyo inatupasa kila mmoja ajifunze kuogelea akiwa kambini wakati wa amani. Avae jaketi na kulifunga hata kama mto ni ule aliouzoea. Asiingie chomboni bila ya kuhesabu watu. Asiingie kwenye maji yaendayo kasi kwa ujasiri mtupu, bali kamba na kijiti kirefu vitangulie. Na amsikilize mwenyeji wa mto, awe mvuvi, awe mama achotaye maji, hata kama hana cheo. Zaidi ya hayo, aliyeoga au kuanguka katika maji ya ziwa au mto huu akapimwe kichocho, ugonjwa uletwao na vijidudu vitokavyo katika konokono wa majini. Dawa yake, prazikwanteli, ipo, nayo hufaa zaidi itolewapo wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya magari kuondoka, nilimkuta konstebo ukingoni, karibu na maji kuliko jana yake. Nilimpigia saluti mimi kwanza. Alishtuka, akataka kunikataza, lakini mkono ulikwisha panda. Aliniambia kwamba akirudi Mbale atatafuta mtu wa kumfundisha kuogelea. Nikamjibu kwamba mimi pia nitatafuta wangu.