Gari Kuukuu Linalozimika Likisimama

Gari la zamani huweza kukimbia vizuri barabarani, likapanda kilima bila manung'uniko, kisha likazimika ghafula mara dereva anapoondoa mguu kwenye kikanyagio cha mafuta. Kwa jamaa inayotegemea Volkswagen ya mgongo wa kobe kumfikisha mgonjwa zahanati, kero hii ina hatari yake, kwani gari hufia katikati ya njia panda huku lori likija nyuma. Aghalabu fundi mwenye haraka hutoa hukumu papo hapo: kabureta imekufa, inunuliwe nyingine. Mara nyingi hukumu hiyo haina haki, na mshahara wa mwezi hupotea bure.

Gari la mwisho la aina hiyo lilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003. Basi kabureta ya Solex iliyokuja na gari yastahili kuchunguzwa kabla ya kutupwa.

Ndani ya kabureta petroli ina njia kubwa na njia ndogo. Dereva akikanyaga mafuta, kipepeo hufunguka na hewa ipitayo kwa nguvu hunyonya petroli ya njia kubwa. Akiachia, kipepeo karibu hujifunga kabisa, na injini huishi kwa petroli inayopenya katika jeti yenye kijitundu chembamba mno. Mwendo huo wa polepole ndio mafundi wauitao silensa. Kwa hiyo gari linalokimbia vyema lakini likazimika likisimama limekwisha kutaja penye ugonjwa: ama njia ndogo imeziba, ama injini inavuta hewa mahali pasipostahili.

Kabla ya yote plagi, platini na valvu ziwe zimerekebishwa. Katika injini ya 1600, platini huachiwa nafasi ya milimita 0.4, na valvu milimita 0.15 injini ikiwa baridi. Kazi ifanyike nje, maana moshi wa injini katika banda lililofungwa huua kimyakimya; na sigara ikae mbali.

Ubavuni mwa kabureta ya Solex 34 PICT-3 kuna kivalvu cha umeme chenye waya mmoja. Ufunguo ukiwashwa hufungua njia ndogo. Ukizimwa huifunga, ili injini isiendelee kugugumia. Waya huo ukichomoka, silensa hutoweka kabisa. Yafaa kuhakikisha kwanza kwamba hakuna petroli inayovuja, kisha kuwasha ufunguo pasipo kuwasha injini, kuuchomoa waya na kuugusisha tena. Mlio mdogo wa “ta!” ukisikika, kivalvu kinafanya kazi. Usiposikika, apimwe kwanza umeme wa waya wenyewe, na hapo ndipo kivalvu kishukiwe. Ni ajabu ni mara ngapi waya wa senti chache umesababisha kabureta nzima kung'olewa!

Kivalvu kikiwa kizima, jeti ya silensa ifunguliwe na kupulizwa kwa hewa ya pampu. Isichokolewe kwa sindano wala waya, kwa sababu kijitundu kikipanuka hata kidogo kipimo kimeharibika.

Baadaye hufuata hewa ya wizi. Mipira iunganishayo mabomba ya hewa hupasuka kwa joto na uzee, na gaskiti chini ya kabureta hulegea. Injini ikinguruma, maji kidogo yanyunyizwe kwenye maungio. Sauti ikibadilika, ufa umepatikana. Wengine hutumia petroli kwa jaribio hili juu ya injini ya moto. Huo ni wazimu.

Kosa jingine ni kukaza skrubu inayosukuma kipepeo ili injini ipige kelele na isizimike. La hasha! Kipepeo hutoka mahali pake, njia ndogo haitumiki ipasavyo, na petroli huliwa. Katika kabureta hii mwendo hurekebishwa kwa skrubu kubwa ya ubavuni, na mchanganyiko kwa ile ndogo, ambayo huanzia mizunguko miwili na nusu kutoka ilipofungwa. Askari aliyehamishwa kutoka Kampala, kama meta 1,200 juu ya bahari, kwenda Kabale kwenye meta 2,000 hivi, asishangae akilazimika kuigusa tena, kwani huko hewa ni nyepesi.

Ikiwa hayo yote ni mazima, mhimili wa kipepeo utikiswe kwa vidole. Ukicheza, tundu lake limelika na hewa inapita. Hapo kazi ni ya fundi mwenye mashine ya kukereza, atakayeingiza bushi mpya.