Chafya za Mombasa: Usilaumu Maua Pekee

Je, mwanao huamka akipiga chafya na kufikicha macho, ilhali hana homa? Huenda ni mzio.

Wakazi wengi wa Mombasa hulaumu maua ya bustanini. Wanayaonea! Chavua ya maua hayo ya kupendeza ni nzito, nayo hubebwa na wadudu. Inayopeperushwa na upepo hadi puani ni ya nyasi, ambazo huchanua mvua ya masika ikishanyesha.

Hata hivyo, tazama kitandani kwanza. Unyevu wa pwani hustawisha vijidudu vya vumbi, visivyoonekana kwa macho, ndani ya godoro na mito mwaka mzima. Fua shuka kila wiki kwa maji ya moto, digrii 60.

Na kifua kikianza kulia kama filimbi, mpeleke hospitali mara moja.