Kweli au si kweli: mtoto wa Geita na shahada ya uhandisi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kuanzia Kahama hadi Katoro kila mtu hugeuka mshauri wa udahili: fundi simu, dereva wa bajaji, mwenye karasha. Mengi wanayosema yana chembe ya ukweli, na hiyo chembe ndiyo inayowaponza vijana.

“Kwenye madini kinachotakiwa ni bahati. Vitabu ni vya watu wa ofisini.”

Si kweli. Bahati ipo, na kila mwenye duara la dhahabu Nyarugusu atakuapia. Lakini almasi ya Mwadui, Kishapu, iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, Mkanada mwenye shahada ya uzamivu ya jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill. Na dhahabu ya Geita? Sehemu yake imekaa ndani na kandokando ya miamba yenye matabaka ya chuma. Chuma hicho huvuruga usumaku wa dunia, kwa hiyo ndege yenye kipimo cha usumaku inaweza kuufuata mwamba hata ukiwa umefunikwa na udongo wa shamba la pamba. Mashine ya kuchoronga huja baadaye. Huko chini kabisa Bulyanhulu, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2001, maswali ya kila siku ni uzito wa mwamba juu ya vichwa vya watu na namna ya kuwafikishia hewa safi. Almasi nayo humeta ikipigwa mionzi ya X, na mitambo hutumia mmeto huo kuitenga na kokoto.

Yote hayo ni Fizikia iliyovaa kofia ngumu. Kanada na Marekani baadhi ya vyuo hufundisha misingi yake chini ya jina la uhandisi wa fizikia. Kwetu, mtoto wa Geita atayakuta zaidi ndani ya uhandisi wa madini, uchenjuaji, umeme au jiolojia, kwa mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Dodoma.

“Bila PCM huendi popote.”

Nusu kweli. PCM ni tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati. Kozi nyingi za uhandisi zinataka prinsipo (ufaulu wa somo kuu) ya Fizikia na ya Hisabati ya Juu. PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) ina zote mbili. Anayekwama ni wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), kwa sababu hisabati anayosoma ni ile ya msingi, nayo haihesabiwi kuwa prinsipo. Wa EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) ana hisabati lakini Fizikia hana. Sharti la Kemia hubadilika kati ya chuo na chuo, hata kati ya kozi na kozi, na jibu lake limo kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka husika. Mwongozo wa kaka yake aliyedahiliwa zamani haumsaidii kijana.

“Uhandisi ni wa wenye A tupu.”

Si kweli, na hapa hesabu inasema yenyewe. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha TCU ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayotakiwa na kozi. D mbili zinatosha. C na E zinatosha. D na E hazifiki. Ila mzazi asikimbilie kushona suti: kufikisha pointi ni ruhusa ya kuomba tu. Viti vya kozi zinazogombewa hujazwa kuanzia juu, na mwenye D mbili anaweza kuzisoma sifa zote, akajiona anazo, na bado akakosa nafasi.

“Ukianguka kidato cha sita, safari imekwisha.”

Si kweli kabisa, na uongo huu ndio unaoniudhi kuliko wote. Kuna njia ya diploma, wala si ya waliofeli peke yao. Mwenye angalau D nne za kidato cha nne anaweza kwenda chuo cha ufundi, kwa mfano Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), au chuo cha madini, akapanda hadi ngazi ya 6 ya NTA, yaani diploma, kisha akaomba shahada akiwa na wastani wa GPA usiopungua 3.0 katika fani inayohusiana. Masomo ya dini hayahesabiwi katika hizo D nne, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa tayari dirishani. Hata aliyepitia VETA akafika daraja la III la ufundi stadi anatambuliwa badala ya hizo D nne, mradi baadaye apate diploma. Kijana wa namna hii anaingia darasani akiwa ameshashika spana, na mimi ningemwajiri kwanza.

“Ukivaa joho, wewe ni Mhandisi.”

Si kweli. Jina hilo linalindwa na sheria ya mwaka 1997 ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Mpango wa mafunzo ya vitendo wa bodi huchukua miaka mitatu, ndipo aombe kuwa mhandisi mtaalamu. Shahada yenyewe ni miaka minne. Mzazi apige hesabu ya miaka saba.

“Uamuzi wa kusoma uhandisi hufanywa kidato cha sita.”

Si kweli. Katika mtaala waliousoma wengi wetu, Fizikia ni ya lazima hadi kidato cha pili tu. Kidato cha tatu mwanafunzi anaruhusiwa kuiacha, na wengi huiacha kwa sababu mwalimu wa somo hayupo au maabara ina kufuli. Hakuna barua inayotumwa nyumbani. Mzazi wa Msalala hugundua baada ya mtihani wa kidato cha nne, na hapo PCM, PGM na hata diploma nyingi za uhandisi zimeshafungwa. Kinachobaki ni kijana kujiandikisha upya kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa ajili ya Fizikia, wakati wenzake wako kidato cha tano.