Chumvi inayonyonya moshi: je, inatosha kwa jenereta la ndani?

Tumeulizwa na mzazi mmoja ambaye mwanawe anasoma kemia chuoni. Kijana amemwambia kuwa ipo chumvi ya majimaji inayonyonya gesi za moshi. Je, akiweka ndoo yake stoo, anaweza kuwasha jenereta humo usiku na kufunga mlango, majirani wasisikie kelele?

Kijana hakusema uongo. Chumvi ya jikoni haiyeyuki mpaka ifike nyuzi joto 801. Lakini zipo chumvi ambazo chembe zake ni kubwa na hazipangiki vizuri, kwa hiyo hubaki majimaji hata kwa joto la kawaida. Wataalamu huziita vimiminika vya ayoni. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walionesha kuwa hewa ukaa ikisukumwa kwa presha huyeyuka kwa wingi katika kimiminika cha namna hiyo, na chenyewe hakitoki pamoja nayo. Faida iko hapo: hakigeuki mvuke kirahisi, basi gesi ikishanaswa huondolewa kwa kupunguza presha au kupasha moto, na kimiminika kikatumika tena.

Upo na mchanganyiko wa rahisi zaidi. Mwaka 2003 wataalamu wa Leicester, Uingereza, walieleza mchanganyiko wa kolini kloraidi, ambayo hutiwa katika chakula cha kuku, na urea, ile ile ya mbolea. Kila kimoja ni kikavu; urea peke yake huyeyuka kwa nyuzi 133. Vikichanganywa, molekuli 1 ya kolini kwa 2 za urea, huwa majimaji kuanzia nyuzi 12! Mchanganyiko huu hunywa hewa ukaa. Lakini ni mzito, na gesi hupenya polepole, ndiyo maana kazi hii hutaka mitambo ya kupitisha gesi kwa presha. Ndoo haifanyi kitu.

Na muuaji wa jenereta ni mwengine kabisa: kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo hukamata damu mahali pa oksijeni. Vimiminika hivi vya kawaida huinywa kidogo mno.

Jawabu letu: haijuzu kuwasha jenereta ndani ya nyumba wanamolala watu, kwa ndoo wala bila ndoo. Liweke nje, mbali na dirisha lako na la jirani. Mtu akiumwa kichwa, akichefukwa au akilegea, mtoeni kwenye hewa safi kwanza, kisha hospitali. Kuhusu kelele, zungumza na jirani mkubaliane saa ya kuzima.

Wallaahu a'lam.