Televisheni ya Guangzhou, antena ya nyumbani

Mfanyabiashara wetu anayefika Xiaobei au Sanyuanli, hapa Guangzhou, kufunga mzigo wa televisheni huuliza kwanza bei na inchi. Suala la antena hulikumbuka Dar es Salaam au Mombasa, mteja keshalipa na kioo kimebaki cheusi.

Ndugu msomaji, antena ya nje hunasa mawimbi tu. Kinachoyageuza kuwa picha ni kipokezi kilichomo ndani ya seti, na hicho hutegemea mfumo wa nchi. China iliamua mwaka 2006 kutumia mfumo wake, DTMB. Tanzania, iliyoanza kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya, iliyofuata mwaka 2015, zinatumia DVB-T2. Seti iliyotengenezwa kwa soko la ndani la China inaweza kupokea matangazo ya Canton Tower, lakini yale ya nyumbani isiyaone kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hakikisha seti imeandikwa DVB-T2. Mzigo ukiwa umeshafika, kurefusha mlingoti hakutasaidia. Tafuta king'amuzi. Waya wa antena, ule wa duara wa ohm 75, uingie kwenye king'amuzi. Kutoka hapo waya wa HDMI uende kwenye televisheni. Unapoumenya, nyuzi za wavu zisiguse shaba ya katikati. Mwisho, elekeza antena kwenye mnara wa kurushia matangazo.

Kurudisha seti Guangzhou ni hasara. Swali moja dukani halina gharama.