Waegukin kutoka Kasungami

Jioni yangu ya kwanza Daegu, Korea Kusini, mtoto mmoja ndani ya basi alinikodolea macho kituo hadi kituo, kisha akamvuta mama yake: "Waegukin!" Yaani mgeni, mtu wa nje. Mama akatahayari, akainamisha kichwa kuniomba radhi. Sikukasirika. Kwetu Kasungami, nchini Kongo, Mchina akipita na gari lake watoto humkimbilia wakimwita kwa kelele, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kilichoniumiza zaidi ni ukimya. Kwenye metro watu walibanana wima, lakini kiti cha pembeni yangu kilibaki wazi. Nilikuwa nahesabu vituo: viwili, vitatu, vinne, mpaka aingie bibi mwenye furushi la mboga, akae na kushusha pumzi. Nilitamani kumshukuru. Baadaye mwenzangu wa darasani aliniambia wengi wanaogopa nitawasemesha Kiingereza. Mimi niliyelelewa kwa Kiswahili na Kifaransa!

Mwishoni mwa 2023 Korea Kusini ilikuwa na wageni zaidi ya milioni 2.5, karibu watano katika kila watu mia. Wengi ni Waasia, hivyo hupita bila kugeuziwa shingo. Mwafrika hana pa kujificha. Hata hivyo, Wakongo wenzetu walishapasua njia. Yiombi Thona alifika huko mwaka 2002 akikimbia nchi, akangoja hadi 2008 kutambuliwa kuwa mkimbizi, kisha akafundisha chuo kikuu mjini Gwangju. Mwanawe Jonathan leo ni nyota wa televisheni. Nikitaja Kongo tu, nasikia: "Aa, Jonathan!" Jina hilo lilinifungulia mazungumzo mengi, na ninamheshimu kwa hilo.

Lakini mlango wenyewe niliukuta kwenye lugha. Mkorea mkikutana atataka kujua umri wako mapema, na wala si umbeya: anatafuta akuiteje. Mwanamume humwita kaka yake mkubwa hyeong, kama sisi tunavyosema yaya. Na mama wa mgahawani huitwa imo, jina lilelile la dada wa mama.

Nyuma ya chuo kulikuwa na mama mmoja anayeuza gukbap, supu ya nyama yenye wali ndani. Kwa miezi niliagiza kwa kunyoosha kidole. Siku niliyosema "Imo," alisimama na upawa mkononi, mchuzi ukimdondokea kwenye aproni. Akaniletea kimchi bakuli la pili, akauliza kwetu tunakula nini. Nikafinyanga hewa kwa vidole, nikamwonyesha tonge la bukari, yaani ugali, linavyobonyezwa katikati na kuchovywa kwenye mchuzi. Naye akafinyanga.

Mwaka uliofuata, mzee wa meza ya jirani alininyooshea kidevu: yule waegukin anatoka wapi? Imo hakugeuka hata kidogo, alikuwa anakata vitunguu.

"Uri haksaeng," alisema. Mwanafunzi wetu.